Siri, Faragha na Amana: Msamiati na Maadili ya Kutunza Taarifa Kazini

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu utunzaji wa taarifa kazini huelekezwa zaidi kwenye mitambo na kanuni. Makala hii inadai kwamba sehemu ya tatizo ni ya kimsamiati: neno alitumialo mfanyakazi kuitaja taarifa humwelekeza pia ni nani anayestahili kulindwa.

2.0 Siri na Faragha

Maneno haya mawili yana asili ya Kiarabu, lakini matumizi yake yametengana. Siri ni jambo lililofichwa. Katika ofisi za umma neno hilo hugongwa kwa muhuri juu ya jalada, na kinacholindwa ni taasisi. Faragha ni hali ya mtu kujitenga na macho ya wengine. Leo ni haki inayotambuliwa na Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania, iliyoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, na Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010.

Tofauti hiyo ina matokeo. Karani afungiaye kabatini barua ya mkuu wake, kisha akataja kwa sauti ugonjwa wa mtu aliyesimama dirishani, hajioni kuwa amekosa. Siri ya ofisi ameitunza. Faragha ya mtu hakufunzwa kuiona.

3.0 Nenosiri na Udugu

Nenosiri la kompyuta nalo huweza kuazimwa kama kalamu. Anayemnyima mwenzake huonekana mchoyo, au huhisiwa kuwa hamwamini. Hapa kanuni hupambana na udugu, na aghalabu udugu hushinda. Hivyo panahitajika dhana yenye uzito wa kimaadili ulio sawa na wa udugu wenyewe.

4.0 Amana

Dhana hiyo imo katika lugha. Methali husema: Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huona kwa sababu ya kazi yake, na kwa sababu hiyohiyo hapaswi kusimulia. Alichokiona ni amana, na kuitumia amana kinyume cha kusudi lake ni hiana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakaribia wazo hilo inapotaka taarifa zikusanywe kwa kusudi mahsusi.

Hata hivyo mfano huu una mpaka. Maiti hawezi kuuliza, ilhali sheria inampa mwenye taarifa haki ya kuziona na kutaka zisahihishwe. Amana ya kazini, basi, ina mwenyewe aliye hai.

5.0 Hitimisho

Mafunzo yanayohimiza siri peke yake huzalisha watunza majalada. Yakianzia kwenye amana, mfanyakazi ataweza kumnyima mwenzake nenosiri bila kuvunja udugu, kwani hawezi kuazima kisicho chake.