Je, Wajua? Mji Usiojua Motokaa

Je, wajua ya kuwa msafiri mwenye shanta mgongoni, akishuka katika stesheni ya Santa Lucia mjini Venice, nchini Italia, aweza kuzunguka vichochoroni tangu alfajiri hata magharibi asipishane na motokaa wala baiskeli? Wagonjwa huchukuliwa kwa mashua, zimamoto huja kwa mashua, na maiti nao huvushwa majini hadi makaburini katika kisiwa cha San Michele.

Majumba yake ya fahari yamesimama juu ya magogo yaliyoshindiliwa topeni karne nyingi zilizopita, nayo hayajaoza, kwani hewa haiyafikii.

Ajabu zaidi ni gondola. Chombo hiki, chenye urefu wa mita 11 hivi, kimepindishwa makusudi: ubavu wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa sentimita 24, ili mpiga kasia, aliye peke yake na kasia moja upande wa kulia, asizungushwe na chombo chake bali aende sawasawa. Fundi wa majahazi wa Lamu angekikagua kwa makini, labda kwa wivu kidogo.

Anwani haimfai mgeni sana, maana nyumba huhesabiwa kwa mtaa mzima, si kwa njia. Mtaani Castello namba zimepita 6,000.

Akichoka, asikae kula chakula chake kwenye ngazi za Uwanja wa San Marco: ni marufuku, na faini ipo.