Riyali za Umra: Angalia Pengo, Usingoje Dola Ishuke

Tangu bonasi ya majani chai ilipolipwa, hapa Kericho ninakofanya kazi naulizwa swali moja na Waislamu wanaojiandaa kwenda Umra likizo ya Desemba: tununue riyali sasa, au tungoje dola ishuke? Najua nanyi huko Mombasa, Malindi na Lamu mko kwenye maandalizi hayo hayo, ndiyo maana jibu nalileta hapa.

Chai ya Kericho na Bomet huuzwa kwa dola katika mnada wa Mombasa. Mapema 2024 dola ilipita shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 129, na ikatulia hapo. KTDA ilitaja kuimarika kwa shilingi miongoni mwa sababu za bonasi ya 2025 kupungua. Kwa hiyo nafuu ya dola msafiri wa huku ameshaipata, na ameilipia shambani. Kungoja nyingine ni kubahatisha.

Riyali nayo haishuki peke yake. Tangu 1986 Saudia imeifunga kwa dola: dola moja ni riyali 3.75. Hapo ndipo penye kipimo chako. Chukua bei ya dola inayotangazwa na Benki Kuu ya Kenya kila siku ya kazi, igawe kwa 3.75. Dola ikiwa 129.20, riyali ni kama shilingi 34.45. Hakuna atakayekuuzia kwa bei hiyo, maana muuzaji naye atafuta faida. La kuuliza ni faida kiasi gani.

Tuseme unataka riyali 2,000. Kwa bei ya kipimo ni shilingi 68,900. Duka linalouza riyali kwa 35.20 litakutoza 70,400. Linalouza kwa 36.50 litakutoza 73,000. Tofauti ya maduka hayo mawili ni shilingi 2,600. Ili kushuka kwa dola kukuokolee kiasi hicho, ingebidi itoke 129 hadi chini ya 125. Kupiga simu tatu ni rahisi zaidi.

Ukipiga, usiulize kama kuna ada. Duka linaweza kusema halitozi ada, kumbe imo ndani ya bei. Uliza hivi: "Nikikupa shilingi hizi, nitapata riyali ngapi mkononi?"

Maduka mengi ya kubadilisha fedha yenye leseni yako Nairobi na Mombasa. Anayetoka Kericho au Bomet apange kununua mjini, kabla ya kufika uwanja wa ndege, ambako bei kwa kawaida ni mbaya. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Chukua risiti.

Jihadhari na kubadilisha mara mbili. Shilingi kwenda dola, kisha dola kwenda riyali, ni kulipa pengo mara mbili. Benki yako ikiwa na dola tu, piga hesabu mpaka mwisho kabla ya kukubali.

Ukitumia kadi Makka au Madina, mashine inaweza kukuuliza ikukate kwa shilingi au kwa riyali. Chagua riyali. Ukichagua shilingi, umempa mwenye mashine ruhusa ya kujipangia bei. Uliza benki yako mapema inatoza kiasi gani kila unapotoa pesa, na usitoe kidogo kidogo: chovya chovya humaliza buyu la asali.

La mwisho ni la dini na la usalama pia. Sheria yetu inataka sarafu zibadilishwe papo kwa papo, mkono kwa mkono. Anayechukua shilingi zako leo akikuahidi riyali utakapofika Jeddah, mkatalie kwa upole. Ahadi ikivunjika huko, utamdai nani?

Wala usinunue kupita haja yako. Riyali zinazobaki utazirudisha kwa bei ya chini, na sarafu za chuma ni nadra kupata mnunuzi. Mwenyezi Mungu awatakabalie.