Mwani Hauna Mizizi, Lakini Unazaa Riziki Kwale

Maji yanapokupwa Kibuyuni, Mkwiro na Gazi katika Kaunti ya Kwale, wakulima, wengi wao wanawake, huteremka baharini kufunga, kukagua na kuvuna mwani. Wapo wanaouona kuwa majani tu ya baharini. Hata hivyo, mkulima anayeufahamu ndiye anayepunguza hasara.

Mwani ni nini?

Mwani ni kundi kubwa la viumbe wanaoishi majini au penye unyevu. Baadhi wana seli moja na huonekana kwa hadubini pekee. Wengine hurefuka hadi makumi ya mita. Kuna mwani wa kijani, wa kahawia na mwekundu.

Mwani hauna mizizi, shina wala majani halisi. Hauchanui maua wala kutoa mbegu. Hufyonza virutubisho kutoka majini kwa mwili wake wote, na kwa mwanga wa jua hujitengenezea chakula. Ndiyo maana kipande kidogo kilichofungwa kwenye kamba hukua bila kugusa udongo.

Nyasi za baharini ni tofauti. Hizo ni mimea yenye mizizi, na ndimo samaki wengi wachanga hujificha. Kuzing'oa ili kupanua shamba la mwani ni kuharibu mazalio ya samaki.

Una faida gani?

Mwani mdogo usioonekana kwa macho ndio msingi wa chakula baharini: huliwa na viumbe wadogo, nao wakaliwa na samaki. Vilevile, takriban nusu ya oksijeni inayozalishwa duniani hutoka baharini, na mwani una mchango mkubwa humo.

Kwale hulimwa spinosamu na kotonii, zote za kundi la mwani mwekundu. Viwandani hutolewa karajinani, kiungo cha kufanya vitu viwe vizito, kinachotumika katika dawa ya meno, aiskrimu na baadhi ya dawa. Vikundi vya wakulima pia hutengeneza sabuni ya mwani.

Changamoto

Vipande hufungwa kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi, na huvunwa baada ya wiki sita hivi. Kotonii huwa na bei nzuri kuliko spinosamu, lakini haistahimili joto. Maji yakipata joto kupita kiasi, au yakipungua chumvi kwa mvua nyingi, mwani hudhoofika, matawi hugeuka meupe kisha hukatika. Kamba nzima inaweza kupotea kwa siku chache.

Wakulima wanashauriwa:

- Kukagua kamba kila maji yanapokupwa na kuondoa matawi yaliyoanza kuwa meupe.
- Kuchagua sehemu zisizokauka maji yanapokupwa na zenye mkondo wa wastani.
- Kutumia vipande vichanga na vyenye afya kama mbegu.
- Kuanika mwani juu ya chanja, si mchangani, na kuufunika mvua inaponyesha. Mwani wenye mchanga hushuka bei.
- Kutong'oa nyasi za baharini.

Mkulima anayeona dalili za ugonjwa asisubiri mavuno. Anahimizwa kumwarifu mapema afisa wa uvuvi wa eneo lake, ili shamba la jirani nalo lisalimike.