Maji Chini ya Daraja la Ruaha Mbuyuni

Zitajwapo mbuga za wanyama, fikra za wengi huelekea kaskazini: Serengeti, Ngorongoro, Manyara. Huko ndiko wageni waendako likizoni, na ndiko shule zenye uwezo zipelekako wanafunzi. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya, hata hivyo, ina hazina yake. Hukata Hifadhi ya Mikumi, hupita kando ya milima ya Udzungwa, na kutoka mjini Iringa iko njia iendayo Hifadhi ya Ruaha. Kabla ya kuupanda mlima Kitonga, mabasi husimama Ruaha Mbuyuni, abiria wakanunua vitunguu dirishani, kisha safari ikaendelea. Wachache hutazama upande wa pili wa barabara.

Bonde hili ni kavu kwa sababu maalumu. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukutana na Udzungwa upande wa mashariki; hupanda, hupoa, na kuiacha mvua yake misituni, anamoishi kima wa Sanje, aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1979 tu. Zishukapo upande huu zimekwisha kukauka. Hapo ndipo mbuyu hustawi. Watu husema kwamba shina lake ni tangi la maji. Sivyo hasa: maji yamo katika chembe hai za ubao wenyewe, ulio laini sana, na huweza kufikia robo tatu ya uzito wake. Utafiti uliofanywa juu ya mibuyu ya Madagaska umeonyesha kwamba akiba hiyo hutumika kuchipuza majani mapya kabla mvua hazijanyesha. Mti huweka, na hutoa kwa wakati wake.

Mto uliopo hapa nao huishi kwa akiba, lakini si akiba yake. Msafiri avukaye daraja mwezi wa Oktoba huyaona maji yakitiririka, akadhani Ruaha Mkuu u mzima. Kwa sehemu kubwa, maji hayo yamefunguliwa katika bwawa la Mtera, lililokamilika mwaka 1980 hivi, ili yaendeshe mitambo ya umeme ya Kidatu iliyo chini zaidi.

Juu ya Mtera, ndani ya hifadhi, mambo ni mengine. Zamani mto ulitiririka mwaka mzima. Mwaka 1993 ulikatika wakati wa kiangazi, na tangu hapo umekuwa ukikatika karibu kila mwaka. Chanzo kiko Usangu. Mito itokayo milimani huingizwa katika mashamba ya mpunga kabla ya kufika kinamasi cha Ihefu, na Ihefu ni kama beseni: maji hutoka pale tu yanapokipita kizingiti cha mwamba mwishoni mwake. Yakipungua chini ya kizingiti hicho, mto hukoma.

Lawama ziliwaangukia wafugaji, na mwaka 2006 wengi wao waliondolewa pamoja na mifugo yao. Mwaka 2008 sehemu ya bonde ikaunganishwa na hifadhi, ambayo ukubwa wake ukafikia kilomita za mraba 20,000 hivi. Mto uliendelea kukauka. Wataalamu wa umwagiliaji walikuwa wameona jambo jingine: mifereji huachwa wazi hata baada ya mavuno, maji yakatanda mashambani bure na kupotea hewani. Wala si haki kumtwika mkulima mzigo wote. Taifa linataka mchele na umeme, na mto ni mmoja.

Wakati huo viboko, ambao ngozi yao hupasuka wakikosa maji, hubanana katika vidimbwi vilivyosalia. Kinyesi chao huyachafua maji hata samaki wakafa kwa kukosa oksijeni. Mwalimu apangaye ziara ya wanafunzi angefanya vyema kuchagua Oktoba: siku ya kwanza wasimame darajani Ruaha Mbuyuni na kuandika wakionacho, na siku ya pili wautazame mto huo huo kule Msembe, ndani ya hifadhi.