Espreso Gatwekera: Aliyeichuma Kahawa Aionje Naye

WAHENGA walisema mfinyanzi hulia gaeni. Yule anayefinyanga vyungu vizuri vya kuuza sokoni, nyumbani kwake hula katika kigae. Methali hii ilinijia akilini jioni moja hapa Gatwekera, katika mtaa wa Kibera, Nairobi, nilipompa jirani yangu kikombe kidogo cha kahawa ya espreso niliyoitengeneza mwenyewe chumbani.

Jirani huyo ni mama anayekaribia miaka 60, muuza mboga kando ya njia. Aliletwa na harufu. "Mwanangu," aliita akiwa mlangoni, "unaunguza nini humo?" Nikamjibu, "Karibu mama, ni kahawa tu." Akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akapiga funda moja, akakunja uso kama mtoto aliyelishwa kwinini. "Hii ni dawa ya minyoo!" akasema, akanirudishia kikombe changu.

Kisha akaketi kwenye kigoda akanieleza jambo lililonitia haya. Yeye alizaliwa katika mitelemko ya Mlima Elgon, upande wa Bungoma. Tangu akiwa na miaka saba alikuwa akichuma kahawa katika shamba la baba yake. Alijua kuchagua tunda jekundu na kuliacha la kijani. Alibeba debe kichwani mpaka kiwanda cha chama cha ushirika, akapanga foleni na watu wazima. Lakini kahawa yenyewe, ikiwa imekwisha kukaangwa, kusagwa na kupikwa, hakuwahi kuionja hata siku moja. Kwao walikunywa chai. Kwa hiyo funda lake la kwanza la kahawa maishani lilikuwa lile nililompa mimi, na lilikuwa baya!

Basi nikajiapiza kwamba nitajifunza kuitengeneza vyema, na siku nitakapofaulu, mama huyu awe wa kwanza kuonja. Haya ninayokuandikia, msomaji, ndiyo niliyojifunza.

ZAO LILILOPITA MLANGONI PETU

Kahawa si mgeni katika upande huu wa Nairobi. Mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu waliipanda Bura, huko Taita, mwaka 1893. Kutoka huko miche ikafikishwa katika misheni yao ya St. Austin's, Nairobi, mwaka 1899. Misheni hiyo iko upande wa Lavington, jirani kabisa na Kawangware, na mtu wa Gatwekera anaweza kufika huko kwa miguu. Kabete nako, mbele kidogo ya Kawangware, katika miaka ya 1930, wataalamu wa Maabara ya Scott walichagua aina ya mkahawa inayoitwa SL28, ambayo mpaka leo huifanya kahawa ya Kenya isifiwe duniani kwa uchachu wake mtamu.

Lakini sifa hizo hazikuwa za Mwafrika. Serikali ya kikoloni ilimzuia kulima kahawa, ikamwachia kazi ya kuchuma katika mashamba ya walowezi. Katika miaka ya 1930 ndipo wachache waliporuhusiwa kupanda, tena kwa masharti, katika sehemu za Kisii, Meru na Embu. Baada ya mwaka 1954 ruhusa ilipanuka, na baada ya Uhuru kahawa ikajenga nyumba na kulipa karo za watoto. Baridi kali ilipoua mikahawa ya Brazil mwezi wa Julai 1975, bei ilipanda mno. Watu wa Bungoma hawasahau magendo ya Chepkube ya 1976 na 1977, kahawa ya Uganda ilipokuwa ikivushwa mpaka usiku na mchana. Jirani yangu alikuwa mtoto wakati huo. Anasema fedha alizisikia, lakini kikombe hakukiona.

Hata leo sehemu kubwa sana ya kahawa yetu huuzwa ng'ambo, nasi twaendelea na strungi na chai ya maziwa. Mwaka 1999 mkahawa wa kwanza wa Java House ulifunguliwa Adams Arcade, ng'ambo kidogo tu ya soko la Toi. Tangu hapo mikahawa ya aina hiyo imeenea mjini. Vijana wa mitaa yetu huajiriwa humo, wakasimama kutwa nzima mbele ya mashine inayong'aa wakimpikia mwingine espreso. Jioni hurudi nyumbani wakapika chai. Mfinyanzi na kigae chake!

ESPRESO NI NINI HASA?

Wengi hudhani espreso ni aina ya mbegu. La, espreso ni namna ya kupika. Maji ya moto husukumwa kwa nguvu kupita katika kahawa iliyosagwa laini na kushindiliwa, na kwa muda wa nusu dakika hivi hutoka kinywaji kidogo, kizito, chenye povu la rangi ya dhahabu juu yake. Neno lenyewe ni la Kiitaliano. Angelo Moriondo wa Turin alipata hataza ya mashine ya mvuke mwaka 1884, na Luigi Bezzera wa Milan akaiboresha mwaka 1901. Lakini povu tunalolijua lilikuja na mashine za mpini za Achille Gaggia mwaka 1948, kwa kuwa mvuke peke yake hauna nguvu ya kutosha. Espreso ya kweli hutaka msukumo wa baa 9, yaani kama mara tisa ya uzito wa hewa inayotuzunguka.

Mashine yangu niliinunua ikiwa ya mtumba. Siku ya kwanza nilipoichomeka, ploti nzima ilizimika. Ilikuwa jioni ya mpira, na maneno niliyorushiwa na majirani hayaandikiki gazetini! Kosa lilikuwa langu. Mashine hizi hula wati zaidi ya 1,000, kama pasi au birika la stima, na waya mmoja uliogawanywa kwa vyumba kumi hauwezi kuhimili mzigo huo. Ninakusihi: usiichomeke kwenye waya wa kuungaunga. Mashine ina maji, na maji na stima mbovu huua. Kama huna mita halali na soketi imara, usihuzunike, maana nitakueleza njia nyingine hapa chini.

MAMBO MANNE YASIYOSAMEHE

La kwanza ni kahawa yenyewe. Ile niliyompa mama nilikuwa nimeinunua ikiwa imesagwa, nikaiweka miezi mitatu kwenye rafu moja na vitunguu na omena. Kahawa hunyonya harufu, na ikisagwa hupoteza uhai wake kwa siku chache tu. Nunua punje nzima, robo kilo ikitosha, na utazame tarehe ya kukaangwa. Iache itulie kama wiki moja ili gesi yake ipungue, kisha uimalize katika wiki tano au sita. Itunze katika mkebe unaofunga sawasawa, mbali na jua na mafuta ya taa.

La pili ni kusaga. Hapa ndipo wengi huanguka. Mashine ya visu hukatakata ovyo, ukapata vumbi na changarawe pamoja. Kinu na mchi navyo havitoi unga ulio sawa, na mashine ya posho usiithubutu, maana utakunywa mahindi. Kinachofaa ni kisagio cha mawe au meno, hata kile kidogo cha kuzungusha kwa mkono. Ukubwa wa chembe uwe kati ya chumvi laini na unga wa ngano. Ukiwa na shilingi chache, msomaji, afadhali mashine ya kawaida na kisagio kizuri kuliko mashine ya fahari na kisagio kibovu.

La tatu ni maji. Maji ya mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, yanayotoka milima ya Aberdare, ni laini na huifaa kahawa. Maji ya visima vingi vya Nairobi yana ladha ya magadi, na kila mpishi wa mboga za kienyeji anajua magadi hufanya nini: huua uchachu. Kahawa ya Kenya ikiondolewa uchachu wake hubaki kama mkaa. Kwa hiyo, unaponunua mtungi wa lita 20, uliza maji yametoka wapi, na uyaonje kabla ya kuyapika.

La nne ni moto. Maji yawe na joto la nyuzi 90 hadi 96 hivi. Hapa Nairobi tumebahatika. Kwa kuwa tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, maji kwenye sufuria huchemka yakifika karibu nyuzi 94, si 100 kama Mombasa. Lakini ndani ya tangi la mashine, lililofungwa, yanaweza kupita kiwango hicho. Mashine ikitoa mvuke na kukoroma, mwaga maji kidogo kwanza ndipo upike.

NUSU DAKIKA YA UKWELI

Washa mashine mapema, kama dakika 15 au 20, pamoja na kile kichujio chake chenye mpini, ili chuma kipate moto. Pima gramu 18 za kahawa kwa vikombe viwili vidogo. Sawazisha unga kwa kidole, kisha ushindilie kwa mkono ulionyooka. Usawa ndio muhimu kuliko nguvu. Fikiria fundi wa mawe na pima-maji yake: unga ukiinama upande mmoja, maji yatakimbilia upande ule mwembamba na kuuacha mwingine bila kuguswa.

Sasa funga, washa, na utazame saa. Tone la kwanza litatoka baada ya sekunde chache, likifuatwa na uzi mwembamba kama mkia wa panya. Baada ya sekunde 25 hadi 30 uwe umepata gramu 36 hivi za kinywaji, yaani mara mbili ya uzito wa unga. Zima hapo hapo. Usipozima utajaza kikombe, lakini ni uchungu mtupu unaoongeza.

Ikikosea, kikombe chenyewe kitakusomea. Ikibubujika kwa sekunde kumi na kuwa chachu kama ndimu mbichi, unga ni mkubwa. Saga laini zaidi. Ikidondoka kwa shida mpaka sekunde 40 zikapita, nayo ni chungu na inakausha ulimi, unga ni laini mno. Badilisha jambo moja tu kila mara, ama sivyo hutajua dawa ilikuwa ipi. Na kwa kuwa kahawa yetu ina uchachu mwingi kwa asili, usiogope kuongeza maji kidogo, mpaka mara mbili na nusu ya uzito wa unga. Ukimaliza, osha kila kitu papo hapo. Mafuta ya kahawa yakilala usiku kucha huoza.

ASIYE NA STIMA

Nimeahidi njia nyingine. Mwaka 1933 Alfonso Bialetti wa Italia alitoa birika dogo la alumini linaloitwa moka, la kuwekwa juu ya moto. Msukumo wake ni baa moja au mbili tu, hivyo kinachotoka si espreso kamili, bali ni binamu yake wa karibu, na Waitaliano wenyewe wengi wao hutumia hiyo nyumbani.

Jaza maji ya moto chini, yasiifikie valvu. Weka kahawa iliyosagwa kama chumvi, bila kuishindilia. Kaza vizuri, uweke kwenye meko ya gesi kwa moto mdogo, au kwenye jiko la makaa yaliyofunikwa kwa jivu. Acha kifuniko wazi uangalie. Rangi ikianza kuwa ya njano na birika likianza kukoroma, epua, ulipoze kitako kwa kitambaa chenye maji. Tahadhari moja: jiko la makaa libaki nje ya mlango. Hewa yake chumbani, dirisha likiwa limefungwa, huua mtu usingizini.

KIKOMBE CHA PILI

Ilinichukua majuma matano. Kikombe nilichomwita mama kuja kuonja kilipikwa asubuhi, kabla ya pasi za ploti kuwashwa. Alikinusa kwanza. Akanywa kidogo, akanyamaza, akanywa tena. Nikangoja hukumu.

"Mwanangu," alisema, "hii ina ladha ya lile tunda." Akanieleza kwamba walipokuwa wakichuma, watoto walikuwa wakifyonza utamu wa tunda jekundu na kuitema mbegu. Utamu ule ndio aliousikia sasa, kwa mbali, nyuma ya uchungu. Kisha akaomba sukari, akatia vijiko viwili, na mimi sikumzuia.

Alipokwisha kunywa alikigeuza kikombe akatazama masalio chini. "Kumbe ndiyo hii waliyokuwa wakipelekewa," akasema. Akaenda kufungua biashara yake ya mboga. Siku hizi hupita kila Jumapili asubuhi, na sukari imepungua ikawa kijiko kimoja.