Mbio za Hisani, na Jinsi Mteremko Ulivyonidanganya

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamepata kuona wakubwa kwa wadogo wakikimbia barabarani asubuhi ya Jumamosi, namba zimebandikwa vifuani, nao hawashindanii kombe wala fedha. Hizo ndizo mbio za hisani. Muhula huu nilizikimbia kwa mara ya kwanza hapa Iringa, kilomita 10. Kwa kuwa wenzangu wengi wameniuliza zinakwendaje, nimeona heri niyaandike yote hapa, pamoja na kosa langu, ili atakayenifuata asilirudie.

Kwanza nitaeleza habari za fedha, maana hizo ndizo kiini cha jambo lenyewe. Kila mkimbiaji hulipa ada ya kuingia. Ada hiyo kwanza hulipia maji ya njiani, namba za vifuani na gari la wagonjwa. Kinachosalia ndicho huenda kwa wahitaji. Lakini iko njia ya pili, nayo ni ahadi. Mkimbiaji huwaendea watu wake, na kila mmoja huahidi kiasi fulani kwa kila kilomita itakayomalizwa. Mimi nilipata wanafunzi 25 walioahidi shilingi 100, walimu 5 walioahidi shilingi 500, na mama yangu aliyeahidi shilingi 1,000. Jumla ilikuwa shilingi 6,000 kwa kila kilomita, yaani shilingi 60,000 kama nikifika mwisho.

Fedha za mwaka huu zilikusudiwa kununua magodoro ya wodi ya watoto katika kituo kimoja cha afya. Wodi hiyo naijua. Mwaka jana nilimsindikiza huko mdogo wetu wa Kidato cha I aliyeshikwa na malaria, nikakaa naye usiku kucha. Godoro alilolalia lilikuwa limebonyea katikati hata alizihisi mbao za kitanda mgongoni. Shilingi 60,000 zilikadiriwa kutosha kununua godoro moja. Kwa hiyo sikuwa nakimbia kilomita 10 tu. Nilikuwa nakimbilia godoro zima.

Mwalimu wetu wa michezo alinifundisha kwa wiki 8. Agizo lake lilikuwa moja: dakika tano na nusu kwa kila kilomita, na kwenye mteremko nijizuie. Njia yenyewe ilianzia mjini, ikateremka hadi bondeni Ipogolo, penye mto Ruaha Mdogo, kisha ikageuka na kuupanda mlima ule ule kurudi mjini. Yeyote aliyeupanda kwa miguu akiwa na mzigo kichwani anajua ninachosema.

Filimbi ilipopulizwa saa moja asubuhi, nilisahau agizo. Hewa ilikuwa ya baridi, watu walishangilia, na barabara ilinivuta chini kama maji. Nikawapita wengi, akiwamo mwalimu wetu wa Hisabati, mtu mzima, nikamwamkia nikienda. Alinijibu, “Marahaba, tutaonana juu.” Nilidhani ananitania. Kilomita 5 za kwanza nilizimaliza kwa dakika 24, nikajiona bingwa.

Hapa ni lazima nieleze kilichokuwa kikitendeka mwilini. Wenzangu wa somo la Bayolojia watakumbuka kwamba misuli hupata nguvu kwa kuunguza sukari kwa msaada wa oksijeni. Mtu akizidisha mwendo, moyo na mapafu havifikishi oksijeni ya kutosha. Hapo misuli hulazimika kuitumia sukari bila oksijeni, sukari ikatoa nguvu kidogo na kwisha upesi, na miguu ikawa mizito. Iringa iko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo kila pumzi inavyoleta oksijeni pungufu. Tena mteremko wenyewe una hila yake. Kila hatua ya kushuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki, ikivutika huku imekaza, na kwa kufanya hivyo huchanika kwa ndani, michaniko midogo isiyoonekana. Mkimbiaji haihisi anaposhuka. Huihisi anapoanza kupanda.

Nami niliihisi. Kilomita ya 6 nilikuwa nikihema kwa kinywa, na nilipofika alama ya kilomita 7 nikaketi juu ya jiwe kando ya barabara. Mwalimu wa Hisabati akanipita polepole, hana hata haraka. Nikapiga hesabu: kilomita 7 ni shilingi 42,000. Nikijitoa hapo, shilingi 18,000 zimepotea, na hakuna mtoto awezaye kulalia godoro lililokatwa kipande.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi akaniuliza, “Mwanangu, mbona umekaa?” Nikamjibu, “Shikamoo mama. Miguu imekataa.” Akasema, “Marahaba. Basi tembea. Kutembea nako ni kwenda.”

Kwa hakika sikuwa nimeliwaza hilo. Ahadi zilikuwa za kilomita, si za dakika. Hakuna aliyeniambia nimalize nikiwa wa ngapi. Nikasimama, nikatembea hadi kilomita ya 8, kisha nikakimbia kwa hatua fupi fupi. Nilifika kwa saa 1 na dakika 2. Kilomita 5 za mwisho zilinichukua dakika 38.

Taifa letu lina walimu wawili wa jambo hili. John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti katika mbio za marathoni za Olimpiki huko Mexico mwaka 1968. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, naye akawa wa mwisho, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi, lakini alimaliza. Naye Alphonce Simbu, huko Tokyo mwezi Septemba 2025, alivumilia ndani ya kundi hadi mwisho, akamshinda Mjerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde, akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Mmoja atufundisha kumaliza, mwingine atufundisha kutumia nguvu kwa kiasi.

Basi, mwenzangu utakayekimbia mwakani, kipimo chako kiwe ulimi: kama huwezi kusema sentensi nzima bila kuhema, punguza mwendo, hasa panapoteremka. Mlimani fupisha hatua. Ukichoka tembea, usiketi. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, nami ukingo wangu ulikuwa jiwe la kilomita 7.

Mwisho, nawashukuru wote walioahidi. Nimekwisha kukabidhi shilingi 58,000 kwa kamati. Zilizosalia ni za wanafunzi wawili, shilingi 1,000 kila mmoja. Majina yao sitayataja, ila nina imani kwamba nao ni wasomaji wa gazeti hili.