Viza ya Matembezi Si Mkataba wa Kazi

KATIKA mitaa ya Kirumba, Pasiansi na Buzuruga, wilayani Ilemela, si ajabu kusikia kuwa kijana fulani "amepata Dubai". Aghalabu alichokipata ni viza ya matembezi ya siku 30 au 60, ambayo mpitishaji wa safari humhakikishia kuwa itabadilishwa huko huko. Baba huuza kiwanja au mtumbwi, mama humwombea dua, na hakuna aulizaye itakuwaje siku ya 61.

Desturi hii ni kongwe. Kwa miaka mingi waliokuwa Dubai kwa viza hizo walivuka hadi Buraimi, Oman, au kisiwa cha Kish, Iran, kisha wakarejea na mhuri mpya. Mwaka 2008 Falme za Kiarabu zilikaza masharti, na wengi wakakwama huko Kish, kurudi hawawezi na nauli ya kwenda kwao hawana.

Siku hizi anayepitisha muda hutozwa dirhamu 50 kwa kila siku. Mwaka mmoja ni dirhamu 18,250, yaani karibu dola 5,000 za Marekani. Mwenye deni hilo hujificha. Akidhulumiwa mshahara haendi kushtaki, akiugua huogopa hospitali, na mwajiri wake ayajua yote hayo. Tangu Agosti 2024 mwajiri wa mtu asiye na kibali aweza kutozwa kati ya dirhamu 100,000 na 1,000,000. Basi athubutuye kumwajiri ni yule aliyezoea kuficha, na kwa mtu wa namna hiyo ndiko tunakowapeleka mabinti zetu!

Ni kweli kulikuwa na msamaha, kuanzia Septemba 1 hadi Desemba 31, 2024, ambapo waliopitisha muda waliruhusiwa kuondoka bila faini au kurekebisha hati zao. Muda huo umekwisha.

Wapo wasemao kuwa ardhi ni ya Mungu na mipaka ni ya wanadamu. La kwanza twaliafiki. Hata hivyo, wanazuoni wa fiqhi walikwisha kumzungumzia mtu aingiaye nchi ya watu kwa kupewa amani: masharti aliyoyakubali ni ahadi juu yake. Viza yafanana na amani hiyo, na Suratul Maidah yaanza kwa kuwaamrisha waumini kutimiza ahadi. Lakini hatumweki kijana aliyedanganywa pamoja na aliyepokea fedha zake huku akijua.

Mzazi na adai viza ya kazi na mkataba wenye jina la mwajiri kabla kiwanja hakijauzwa. Wakala wa ajira hutakiwa kuwa na leseni ya serikali, naye aombwe kuionyesha. Kwa walioko huko tayari, Tanzania ina ubalozi Abu Dhabi na ubalozi mdogo Dubai, na aliyenyang'anywa pasipoti aweza kuomba huko hati ya dharura ya kurejea nyumbani.